UZI: Safari ya jangwani kwa gari, tafuta pa kulala jua likiwa bado juu

#1 Mleta uzi

Salaam wakuu. Nimeamua kuleta huu uzi kwa sababu kila anayepanga safari ndefu ya jangwani anauliza mafuta, matairi, spea, maji lita ngapi, ni nadra sana ukute mtu anauliza usiku nitalala wapi, na hilo la kulala ndilo lililobaki kidogo lituue mimi na wenzangu watatu. Nitaandika kirefu. Mwenye safari karibuni naomba asome yote.

Ilikuwa siku ya tatu njiani. Mchana tulikwama mchangani mara mbili, tukachimba, tukachelewa, halafu tukaanza ile tabia ya tusogee kidogo, tuvuke ile milima, mbele lazima patakuwepo pazuri. Jua likazama bado tunasogea. Tukaona kwa taa za gari sehemu tambarare, mchanga laini mtupu, hakuna jiwe wala mwiba, miti mitatu pembeni inakinga upepo. Tumechoka, njaa, tukasema hapa hapa. Tukafunga hema mbili, tukala, tukalala fofofo.

Saa nane usiku mmoja wetu akatoka kujisaidia akasikia muungurumo kwa mbali, akadhani lori linakuja. Akasimama anatafuta taa za lori, haoni taa. Akashusha tochi chini akaona mchanga umebadilika rangi, kuna ulimi wa maji mwembamba umebeba povu na vijiti na mavi makavu ya wanyama unakuja kimya kimya unalamba vigingi vya hema. Alipiga ukelele mpaka leo nausikia. Tulitoa watu na gari tu. Hema moja, jiko, madumu mawili ya maji na viatu vya watu wawili vyote vilikwenda, na ndani ya dakika chache pale tulipokuwa tumelaza vichwa maji yalikuwa ya kiunoni, mazito ya tope, yanazungusha magogo. Juu nyota zote zinawaka, hakuna wingu hata moja.

Kulipokucha nikarudi kupaangalia na hiki ndicho ninachotaka mkishike. Ile miti mitatu mizizi yake ilikuwa wazi upande mmoja tu, upande wa juu maji yanakotoka, imekwanguliwa mpaka nyeupe. Kwenye matawi, juu kuliko kichwa changu, kulikuwa na nyasi kavu zimejisokota na vipande vya mbao vimenasa, na hazikuwa za usiku ule maana zile za usiku ule zilikuwa mbichi na ziko chini, hizi zilikuwa kavu kabisa za mafuriko ya zamani. Kwa hiyo ushahidi wote ulikuwepo pale tangu tulipofika. Mchana mtoto wa shule angeuona. Kwa taa za gari sisi wanne watu wazima hatukuuona.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja, ikifika saa tisa alasiri naanza kuangalia pa kulala na saa kumi na nusu gari imezimwa, hata kama nguvu ninayo na barabara ni nzuri. Na kabla ya kushusha hata kikombe natembea kwa miguu kulizunguka eneo lote.

Kama huna saa au mnabadilisha nchi hamjui jua linazama saa ngapi, nyoosha mkono mbele, banisha vidole vinne vilale chini ya jua mpaka upeo. Jua linasogea nyuzi 15 kwa saa, na vidole vinne ni kama nyuzi 8 hivi. Karibu na ikweta jua linashuka wima kwa hiyo hapo imebaki kama nusu saa tu, na ukiwa mbali na ikweta linashuka kwa mshazari unaweza kupata dakika 45 au zaidi. Na karibu na ikweta jioni ni fupi, jua likishazama una kama dakika 20 za mwanga wa maana basi. Wengi wanajidanganya hapo.

#2

Pole sana mkuu, aisee nimesoma mwili unasisimka. Sasa swali, mvua haikunyesha na wingu hamna, hayo maji yalitoka wapi?

#3

Ngoja nimjibu huyu maana mimi nimeendesha magari ya mizigo kwenye nchi kavu miaka mingi. Maji yalitoka juu mlimani ndugu yangu, pengine kilomita 40 au 50 kutoka walipolala. Ardhi ya jangwa mvua ikiipiga kwa nguvu hainywi, imekauka imekuwa ngumu kama sakafu na hakuna majani ya kuyashika maji, kwa hiyo yote yanateleza kwenda kwenye vijito, vijito vinaingia kwenye korongo, korongo linaingia kwenye ule mto wa mchanga ambao wewe unauona ni uwanja. Huku chini mtu analala chini ya nyota hana habari.

Na watu wanayadharau maji ya kina kifupi. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 60 tu yanabeba gari nyingi, hata hizi ndefu za kupandia milima. Dereva akiona radi inamulika mbali usiku, hata kama mlio haufiki, ahesabu hiyo mvua ni yake kama amelala kwenye njia ya maji.

Halafu mto mkavu ni barabara ya wanyama pia. Kaskazini magharibi mwa Namibia kuna tembo wanaoishi jangwani, mito kama Hoanib na Huab ndiyo njia zao, wanatembea humo usiku wanatafuta maji na majani. Ukifunga hema katikati umelala katikati ya barabara yao, tembo hana kosa.

#4

Ndiyo maana mimi nalala kwenye matuta ya mchanga, hakuna mafuriko, hakuna mwiba, kitanda cha bure. Nyuma ya tuta hupati upepo kabisa.

#5 Mleta uzi

Mkuu #4 tuelewane vizuri hapo maana nusu ya ulichosema ni kweli. Tuta lina mgongo na uso. Upande upepo unakotoka ni mteremko mpole na mchanga wake umeshindiliwa ni mgumu mgumu, upande wa pili ni mkali, unafika karibu nyuzi 34, na hapo mchanga umekaa kwa kubembelezwa tu. Ule mchanga unaopeperushwa kileleni unaangukia wapi? Unaangukia hapo hapo nyuma, ndipo ulipoweka hema lako. Nimewahi kuamka nyuma ya tuta na blanketi zito, nikadhani mwenzangu kanilalia, kumbe mchanga umejaa kwenye mikunjo yote, masikioni, kwenye sufuria iliyofunikwa, hata zipu ya hema haifunguki. Ukitaka kinga ya tuta sogea mbali na mguu wa ule upande mkali, tena usipaki gari kwenye bonde la katikati ya matuta ambako mchanga ni laini. Paki kwenye mgongo mgumu au kwenye changarawe, na pua ya gari itazame mteremko, asubuhi ikitoka itoke kwa uzito wake yenyewe. Alfajiri mchanga wa baridi unakuwa mgumu kidogo kuliko wa mchana, kwa hiyo kama unahofu ya kukwama toka mapema.

Kingine, vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Chukua mfuko, jaza mchanga, funga kamba ya hema shingoni mwa mfuko, chimba urefu wa mkono uufukie, kanyagia. Unaweza kuvuta na gari haung'oki. Kwenye changarawe ngumu kigingi hakiingii kabisa, tumia mawe makubwa, lakini geuza kila jiwe kwa kijiti kwanza kabla ya mkono maana nge anapenda chini ya jiwe. Zile tochi ndogo za mwanga wa zambarau zinamuonyesha nge anang'aa kijani-buluu gizani, ni kitu kidogo cha kubeba na kinakupa amani. Na viatu kung'uta kila asubuhi bila kusahau.

#6

Naomba kuuliza kitu, mimi nitasafiri na watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Je ni lazima kulala porini? Mume wangu anasema kambi za kulipia zinaharibu raha ya jangwa. Mimi moyo wangu unakataa.

#7

Dada sikiliza moyo wako. Na tena sehemu nyingine siyo suala la raha, ni sheria. Hifadhi ya Namib-Naukluft kule Namibia huruhusiwi kulala popote unapojisikia, ni kwenye sehemu zilizopangwa tu na kibali unacho mkononi. Na kulala ndani kuna faida yake, pale Sesriem, geti la hifadhi hiyo kwa wanaokwenda kwenye matuta ya Sossusvlei, walio kwenye kambi ya ndani wanafunguliwa geti lao saa nzima kabla ya geti la nje, kwa hiyo unafika kwenye matuta jua ndiyo linachomoza na mchanga bado wa baridi, wa nje wao ndiyo kwanza wanaanza kutembea. Marekani nako kuna ardhi kubwa ya serikali ya jangwani unaruhusiwa kulala bila kulipa, lakini kwa kawaida siku 14 tu ndani ya siku 28, halafu unatakiwa uhame. Kwa hiyo kabla hujasema porini bure, jua kwanza hiyo pori ni ya nani. Kama kuna wafugaji au kijiji karibu, nenda kaombe, salimia, sema mnalala usiku mmoja. Mwenyeji ndiye anayejua maji yanapita wapi, hakuna ramani inayomfikia.

#8 Mleta uzi

Nakubaliana na #7 mia kwa mia. Dada yangu wa #6, nikiwa na watoto nafanya hivi, usiku wa kwanza na wa pili kambi rasmi yenye maji na choo, mnajifunza kufunga hema, mnajua nini mmesahau, halafu usiku wa tatu ndiyo mnajaribu peke yenu siyo mbali na barabara. Na kitu ambacho watu wanasahau kwa watoto ni baridi. Mchana mmeungua, mtu anabeba shuka jepesi. Hewa ya jangwani ni kavu na anga haina mawingu, joto lote la mchana linapaa juu usiku, kushuka nyuzi 20 za Selsiasi kutoka mchana mpaka alfajiri ni jambo la kawaida kabisa.

Hapo ndipo kuchagua sehemu kunapokuja tena. Hewa baridi ni nzito inatiririka kama maji, inajaa kwenye vibonde. Ukilala kwenye kishimo kizuri kilichojificha unalala kwenye bwawa la baridi, panda mita chache tu juu ubavuni mwa kilima utaona tofauti, nimeipima kwa ngozi yangu mara nyingi. Ila usipande mpaka kileleni maana huko upepo ni wako peke yako na kama kuna radi wewe ndiye mrefu kuliko vyote. Ninachotafuta mimi ni kibaraza, sehemu iliyoinuka kidogo kutoka kwenye njia ya maji, ya changarawe, ina mwamba upande wa mashariki. Kwa nini mashariki? Kwa sababu ya asubuhi. Mwamba ukiwa mashariki unakupa kivuli mpaka saa mbili au tatu, watoto wanalala, mnakunja vitu taratibu. Bila huo mwamba saa moja na nusu hema ni tanuri. Lakini usiingie chini kabisa ya mwamba, angalia chini yake kama kuna mawe mapya yenye kingo kali na rangi tofauti na mengine, hayo yameanguka juzi juzi, na mengine yatafuata.

#9

Mimi nachangia kuhusu miti. Jangwani mti mmoja unakuvuta kama sumaku, kila dereva anataka kulala chini yake. Angalieni chini jamani, mgunga unamwaga miiba mirefu inatoboa tairi na godoro pamoja, nimeziba pancha tatu asubuhi moja kwa sababu ya kivuli cha mti mmoja, na nilishindwa kuondoka mpaka saa sita. Paki mbali, tembea kwa miguu ukakae kivulini.

Na tuiheshimu. Kule Niger katikati ya jangwa la Ténéré kulikuwa na mgunga mmoja peke yake, hakuna mwingine kwa kilomita mamia, misafara ya ngamia ilikuwa inautumia kama alama ya njia. Mwaka 1973 dereva wa lori akaugonga ukaanguka. Jangwa lote lile, nafasi yote ile! Mabaki yako makumbusho ya taifa Niamey na pale ulipokuwa wameweka nguzo ya chuma. Ukikata tawi kavu la kuwashia moto jangwani kumbuka tawi hilo ni nyumba ya ndege na mijusi na pengine limechukua miaka mingi kuwa tawi. Beba kuni zako kutoka mjini au tumia gesi.

#10 Mleta uzi

Asante sana #9, hili linaniuma sana na mimi. Jangwa linaonekana gumu ila halisahau. Jangwa la Mojave Marekani walifanya mazoezi ya vifaru mwaka 1942 mpaka 1944 na alama za magurudumu bado zinaonekana mpaka leo, miaka 80 baadaye. Kwenye tambarare za changarawe gari moja likikatiza mara moja tu limechora mstari ambao wajukuu zako watauona. Kwa hiyo tafuta sehemu ambayo tayari kuna njia na tayari watu walishalala, usifungue mpya kwa sababu unataka picha nzuri. Choo vilevile, chimba sentimita 15 mpaka 20, mbali na kambi na mbali na njia ya maji, hatua kama 80 hivi, na karatasi usizifukie, zifunge kwenye mfuko uondoke nazo maana pakavu haziozi, upepo unazifukua mwenzako anazikuta.

Na kama kuna kisima au dimbwi, chota maji yako uondoke ukalale mbali. Usiku mzima kuna wanyama wanasubiri uhame ili wanywe, wengine wametembea siku nzima kuyafikia. Wanakuogopa wewe, hawatakuja, na kesho hawana nguvu ya kutembea tena.

#11

Mnisaidie, kuna picha nyingi za watu wamepiga kambi katikati ya bwawa la chumvi, peupe pee, tambarare mpaka upeo. Hapo hamna mafuriko si ndiyo? Hamna mti hamna jiwe.

#12

#11 chondechonde. Mimi gari letu lilizama kwenye chumvi. Juu ni gamba limekauka jeupe linabeba mtu vizuri tu, chini yake ni tope la kijivu linalonuka kama yai viza, gari likishavunja gamba linakaa kwa tumbo na huna jiwe wala kijiti cha kuweka chini ya tairi kwa kilomita nyingi, na winchi, ile mashine ya kulivuta gari kwa kamba, uifunge kwenye nini? Siku moja na nusu tulichimba, mikono ilichubuka na chumvi inaingia kwenye vidonda. Kwenye mabwawa ya chumvi ya Makgadikgadi kule Botswana madereva wote wazoefu watakwambia usiache njia iliyokwishapitwa, na msimu wa mvua usiingie kabisa. Lala ukingoni, pale nyasi zinapoanza. Ardhi inayoota nyasi inabeba gari, hiyo ndiyo alama yangu.

#13

Nimefuatilia uzi wote. Sasa mleta uzi hebu sema ukweli, mipango yote hiyo ni mizuri lakini gari linaharibika, pancha, mnachelewa, giza limewakuta na hamjapata sehemu. Mnafanyaje?

#14 Mleta uzi

Swali zuri sana na nilikuwa nalisubiri. Giza likishaingia acha kutafuta pazuri. Usishuke bondeni popote, kanuni yangu ya usiku ni kupanda tu, siyo kushuka. Mchana kila baada ya saa moja hivi nikiona sehemu inayofaa, hata kama ni saa nne asubuhi, naiweka alama kwenye ramani ya simu ile iliyoshushwa mapema inayofanya kazi bila mtandao. Kwa hiyo usiku ukinikuta nina sehemu nyuma yangu niliyoiona kwa macho, nageuza gari narudi. Inauma kurudi kilomita 20 ulizozitolea jasho, ila rudi.

Kama hata hiyo huna, toka kwenye njia upande uliopanda, siyo bondeni, mmoja ashuke atangulie na tochi kwa miguu, gari linamfuata polepole, hatua 50 zinatosha ili lori lisikukute barabarani. Usifunge hema. Laleni ndani ya gari au pembeni yake, pua ikitazama njia ya kutokea, funguo mahali kila mtu anapajua, viatu karibu, maji ya kunywa ndani ya gari siyo nje. Usiku ule wetu kilichotuokoa ni kwamba dereva alilala na funguo mfukoni. Zingekuwa ndani ya begi ndani ya hema lililokwenda, nisingekuwa naandika hapa.

Upepo ukianza kuvuma wa ghafla na kuna ukuta wa kahawia unakuja hiyo ni dhoruba ya vumbi, usiendelee kutafuta kambi, toka nje ya njia kabisa, zima taa zote ili wa nyuma asikufuate akidhani uko barabarani, fungeni vioo mkae ndani mpaka ipite.

#15

Wakuu asanteni, tunaondoka Alhamisi. Nimekaa na picha za setilaiti tangu jana, nimeweka sehemu tatu za kulala kwa kila siku, moja karibu, moja ya katikati, moja ya mbali, ili kama tumechelewa tuna ya karibu. Nimeambatanisha ya siku ya kwanza na ya pili. Mleta uzi naomba uniangalizie.

#16 Mleta uzi

Nimeziangalia zote sita. Siku ya kwanza hazina shida, ile ya katikati ndiyo nzuri kuliko zote, ina mwamba mashariki kama nilivyosema. Siku ya pili ile ya mbali ivute karibu zaidi, unaona ule mstari wa rangi hafifu unaopinda kushoto, na vichaka vyote vimejipanga kuufuata kama vimepandwa? Hayo ni maji. Alama yako umeiweka ndani ya kona yake. Sogeza kaskazini kama mita 300, kuna kibaraza cheusi cha changarawe na kuna njia ya magari inapanda tayari. Mkifika hapo mapema nendeni kwa miguu mkaangalie vile vichaka, tazameni matawini, halafu mniambie nyasi zimenasa urefu gani.